Kituo Kimoja cha Njia ya Karema

Katika kitabu hiki cha jubilei mtakuta habari nyingi za majengo: kanisa hili lilijengwa lini, shule ile ilifunguliwa na nani, kengele ilitoka wapi. Sisi tumeombwa kuandika habari za njia. Maana kabla mtu hajaingia kanisani hana budi kwanza kufika, na katika nchi hii yetu ya Katavi kufika kulikuwa kazi kubwa kuliko watu wengi wa leo wanavyoweza kukisia.

Basi tuliona si haki kuandika habari za safari ya miguu hali tumekaa vitini. Tukapatana kwenda kituo kimoja, yaani mwendo wa siku moja, tukianzia hapa Ilembo kuelekea Karema, kwa desturi ya misafara ya zamani: kutoka kabla ya jua kuchomoza, kutembea kwa miguu, na kulala hapo siku itakapotuishia. Tulikuwa watu saba: katekista mmoja mstaafu, vijana watatu wa kwaya, mama mmoja aliyepita miaka sabini, na sisi wawili tuliopewa kalamu. Mama huyo hatukumwalika. Alipata habari tu, akaja alfajiri amevaa kandambili, na kichwani amejitwika furushi. Tulipomwuliza ndani mna nini, akajibu kwamba ni viatu vyake vya kanisani. Bibi yake, mzaa mama, alikwenda Karema kubatizwa kwa miguu, na nguo safi aliibeba kichwani akaivaa alipofika. Naye hakuona sababu ya kufanya vingine.

Tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Ulikuwa mwezi wa Juni, kiangazi, na baridi ya nchi hii wakati huo si ya kudharauliwa.

Ilembo leo ni kata ya mji wa Mpanda, na mgeni akiona nyumba zilivyosongamana atadhani mji huu ni wa kale. La, si wa kale. Mpanda ni mtoto wa madini ya risasi. Machimbo yalipoanza kupanuka katika miaka ya 1940, watu wakaja kutafuta kazi, na mwaka 1950 ikafika reli iliyotengwa na reli ya kati pale Kaliua, mwendo wa kilometa 210 katika pori. Machimbo yale yakafungwa mwaka 1960, lakini watu hawakuondoka. Mkoa wa Katavi ukaundwa mwaka 2012. Jimbo letu la Mpanda lilikwisha kuundwa kabla yake, mwaka 2000, kwa kumegwa kutoka Jimbo la Sumbawanga. Kwa hiyo mtu aliyepita hapa mwaka 1890 hakuona mji, wala reli. Aliona miyombo na mininga, na mizinga ya asali imetundikwa juu ya miti, na hapa na pale mashamba ya Wakonongo na Wabende. Habari ya kanisa aliyoisikia, kama aliisikia, ilitoka upande mmoja tu, upande wa ziwa.

Jambo hili vijana wetu hawakulijua, nasi hatukuwalaumu. Wao wamezaliwa hali askofu yupo Mpanda. Lakini kabla ya Mpanda ilikuwa Sumbawanga, na kabla ya Sumbawanga ilikuwa Karema. Hata jina la jimbo lile kubwa la zamani lilikuwa Karema mpaka mwaka 1969, kiti cha askofu kilipohamishiwa Sumbawanga. Huo mji mdogo wa pwani ya Tanganyika, ambao wengi wetu hatujaufikia, ndio mama.

Karema haikuanzishwa na wamisionari. Mwezi wa Agosti 1879 alifika pale Mbelgiji mmoja, Kapteni Cambier, ametumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, chama kilichosema kwamba kinataka kuifungua Afrika na kukomesha biashara ya watumwa. Akachagua kilima karibu na maji, na ngome ikajengwa juu yake. Mfalme huyo alikuwa na mashauri mengi. Mwaka ule ule alileta tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa pwani ya Msasani karibu na Dar es Salaam, ili ionekane kama tembo waliofunzwa wataweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Kapteni Carter ndiye aliyewaongoza. Wawili wakafa mapema, wa tatu naye akafa njiani, na mmoja tu, tembo jike aliyeitwa Pulmalla, akafika Karema mwezi wa Desemba 1879. Tembo wa Bara Hindi alipita basi katika nchi hii yenye tembo wake wengi, na mtu akitaka kucheka tunamruhusu. Lakini mwisho wake haukuwa wa kuchekesha. Mwaka 1880 Carter, pamoja na mwenzake Cadenhead, alikuwa anarudi kutoka Karema. Walipofika Mpimbwe wakaingia katika vita vya Mirambo, wakauawa hapo, na wapagazi pamoja nao. Mpimbwe ni kwetu, ndani ya mkoa huu.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Mfalme Leopold alipata Kongo, na upande huu wa ziwa ukawa sehemu ya Wadachi. Karema haikumfaa tena. Akawaachia Mapadri Weupe ngome, bustani na watu waliokuwapo. Wao walikuwa wamekwisha kuteseka kandokando ya ziwa kwa miaka sita. Msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878. Padri Pascal, aliyewekwa kuwa mkubwa wa wale wa Tanganyika, alikufa kwa homa njiani mwezi wa Agosti, asilione ziwa. Walipofika Unyanyembe wakaachana: wengine wakashika njia ya kaskazini kwenda Nyanza na Uganda, wengine wakaja magharibi, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwezi wa Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa Rumonge, katika nchi ya Burundi.

Tafadhali, msomaji, kumbuka habari ya kuachana kule Unyanyembe. Kila mwaka tunasikia habari za mahujaji wa Namugongo, waendao kwa miguu kutoka Masaka, kutoka Fort Portal, hata kutoka Kenya, wiki moja au mbili au zaidi njiani, ili wafike siku ya 3 Juni, siku waliyochomwa moto Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Tunawastaajabia kama watu wa mbali. Walakini wao na sisi ni matawi mawili ya msafara mmoja. Njia yao imepata mahujaji kwa maelfu na maelfu. Yetu siku ile ilikuwa na watu saba.

Tulikuwa tumekwenda saa mbili hivi, mji umebaki nyuma, jua limetupiga mgongoni. Tukaiacha barabara ya magari, maana malori ya kwenda na kutoka bandari mpya ya Karema hayamngoji mtu wa miguu, tukashika kinjia kando ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Hapo katekista akaanza kuwaeleza vijana jinsi siku ya msafara ilivyokuwa, nasi tukaandika huku tunakwenda, ndiyo maana mwandiko wetu wa saa ile tulipata taabu kuusoma baadaye.

Kirangozi alitangulia, amevaa joho jekundu au manyoya kichwani ili aonekane mbali, na bendera mkononi. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma yake wapagazi, mmoja mmoja, maana njia ilikuwa na upana wa wayo wa mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, sufuria yake na posho yake. Wengine walichukua marobota ya nguo, merikani na kaniki, wengine shanga, wengine masango ya shaba. Hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani, za kununulia chakula na za kulipa hongo kwa kila mtemi ambaye nchi yake ilipitwa. Walitoka alfajiri, wakaenda saa nne, tano au sita, wakatua kabla ya jua la utosini. Mwendo wa kilometa 15 au 20 ulihesabiwa kuwa siku njema. Kisha wakakata miiba ya kuzungushia kambi, wakawasha mioto, wakapika, wakaimba. Ila mahali ambapo kambi haikuwa na maji, ilibidi kutirikeza, yaani kutembea tena mchana wakati wa jua kali na kulala porini bila maji, ili kesho yake asubuhi wapate kuyafikia maji mengine mapema. Hilo ndilo neno ambalo wapagazi waliliogopa kuliko neno simba.

Tumesoma kwamba kule Hispania mahujaji waendao Santiago de Compostela hutembea hivyo hivyo, kilometa 20 au 25 kwa siku. Mguu wa mwanadamu, yaonekana, ni mmoja ulimwenguni kote. Lakini kule mwisho wa kila siku pana nyumba na kitanda na mkate, na anayefika baada ya kutembea kilometa 100 za mwisho hupewa cheti chenye jina lake. Hapa kwetu mtu aliyetembea zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Bagamoyo na mzigo kichwani alipewa ujira wake wa nguo, akarudi.

Hapa tunafika penye neno linalotuuma, wala hatuwezi kulipita kwa adabu tu. Njia hii ambayo sisi tunaiita ya hija, ilipitwa na nani? Wamisionari walipita, ndiyo. Wafanyi biashara wa pembe walipita. Bwana Livingstone na Bwana Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walikata nchi hii ya Katavi kwa miguu, wakafika Tabora mwezi wa Februari 1872; na mwaka wa pili Livingstone alipokufa, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake kutoka kusini, wakapita Ufipa, wakafika Tabora, na mwezi wa Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo kwa mapadri. Lakini wengi waliopita katika nchi za kandokando ya ziwa miaka ile hawakwenda kwa hiari yao. Walifungwa shingoni. Katika mchanga ule ule, nyayo za mtu anayekwenda kutafuta neno la Mungu zilikanyaga nyayo za mtoto aliyeuzwa kwa nguo. Hatuoni njia ya kuzitenga.

Na mtu mmoja alikuwa na nyayo hizo zote mbili. Wazee wa Karema wanamtaja mpaka leo: Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi za Timbuktu, mbali sana na hapa, upande mwingine wa Afrika. Angali mtoto akaibiwa na wauza watu, akavushwa jangwa la Sahara, akapelekwa Algeria. Kule Mapadri Weupe wakamkomboa mwaka 1876. Wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta ajifunze uganga, kwa shauri la Kardinali Lavigerie aliyetaka Waafrika wawe waganga na walimu wa Waafrika. Mwaka 1888 akatumwa na msafara wa kuja Tanganyika. Mwaka ule pwani ilikuwa inawaka kwa vita vya Abushiri. Akatembea kutoka pwani mpaka ziwani, akafika Karema mwaka 1889. Na hapo alikaa. Akaoa binti wa mtemi wa Wabende. Mwana wao akawa padri. Aliganga na kufundisha miaka 67, mpaka alipokufa mwaka 1956.

Mtoto huyu alivushwa jangwa kwa kamba, halafu akiwa mtu mzima akatembea tena, kwa hiari, nusu ya bara, kwenda kukaa na watu ambao walikuwa wanaibiwa kama yeye alivyoibiwa. Katekista alipomaliza kusimulia, vijana wa kwaya, ambao tangu alfajiri walikuwa wanabishana juu ya mpira, walinyamaza muda mrefu. Mmoja akauliza kama Atiman aliwahi kurudi kwao. Katekista akamjibu kwamba kaburi lake liko Karema.

Tungaliweza kuandika zaidi habari za wakubwa. Kapteni Joubert, askari wa Papa wa zamani, alifika Karema mwaka 1886, mwaka uliofuata akavuka ziwa kwenda Mpala, akawalinda watu kwa bunduki juu ya wauza watumwa, akaoa mwanamke Mwafrika, akaishi upande ule mpaka kufa mwaka 1927, macho yamekwisha pofuka. Mhashamu Charbonnier alifariki Karema mwaka 1888. Mhashamu Bridoux, aliyemfuata, hakufikisha miaka mitatu. Mhashamu Lechaptois alidumu tangu 1891 mpaka 1917, na kwake tunahesabu mambo mengi, hata shirika la masista Waafrika lililoanzia pale Karema. Majina haya yote yameandikwa, wala hayatapotea. Lakini katika vitabu tulivyosoma kujitayarisha kwa makala hii tumekuta mara nyingi hesabu ya wapagazi, na hesabu ya mizigo, na mara chache sana jina la mpagazi. Akitoroka huandikwa, akiiba huandikwa. Akifikisha mzigo salama hana habari. Tunaona kwamba ni kasoro, na ya kwamba jubilei ambayo haiwahesabu watu hao ina deni.

Wala si wapagazi tu. Mapadri Weupe walikuwa na sheria kwamba anayetaka ubatizo ajifunze miaka minne. Miaka minne! Na kwa watu wa mbali miaka hiyo ilikuwa miaka ya kutembea. Mama yule wa furushi alitusimulia jinsi bibi yake alivyokwenda na unga wa mahindi wa siku sita, na mtoto mgongoni, pamoja na wanawake wengine wanne; usiku walilala juu ya vichuguu vilivyosawazishwa, na moto pande zote mbili kwa ajili ya simba. Safari ya kwanza walirudi njiani kwa sababu mmoja aliumwa na nyoka, wakamzika. Safari ya pili walifika. Tulimwuliza jina la yule aliyezikwa. Akasema bibi yake alilitaja kila mara alipoomba, lakini yeye alikuwa mtoto, hakulishika. Akakaa kimya. Kisha akasema, “Ningalijua kwamba mtakuja kuniuliza, ningalilishika.”

Ilipofika saa sita, kosa letu likatukuta. Tulikuwa tumehesabu kijito kimoja kwenye njia, tukabeba maji ya asubuhi tu. Kijito kilikuwa kikavu. Kiangazi kilikianza mapema, au sisi tulikihesabu kwa macho ya masika. Vyovyote, palikuwa na mchanga mweupe na nyayo za ng'ombe. Mmoja wa vijana alifukua kwa mikono akapata matope. Mbung'o nao walikuwa wametuzingira, wanachoma juu ya shati, na hapo tulifahamu vizuri zaidi kuliko kitabuni kwa nini tembo wa Mfalme Leopold alikuwa shauri lenye akili kwa mtu aliyekaa Brussels, na kwa nini punda na ng'ombe wa misafara walikufa. Nchi hii ilimlazimisha mtu achukuliwe na mtu. Mbung'o hao ndio walioleta pia malale, na katika miaka ya 1920 na ya 1930 serikali ya Waingereza ilihamisha watu wengi wa sehemu hizi za magharibi, ikawakusanya katika vijiji vikubwa. Njia nyingi za zamani zikaachwa, zikafunikwa na majani. Tena reli ilikwisha kufika Kigoma mwaka 1914, na meli ziwani, mizigo ya Karema ikaja kwa maji. Ndivyo njia ilivyokufa, isipokuwa kwa maskini, ambao njia kwao hazifi upesi.

Basi tukatirikeza. Neno ambalo asubuhi tulilieleza kwa raha, mchana tulilitenda. Mwendo wa saa mbili na nusu, bila maji, jua usoni. Mama hakusema lolote, alikwenda tu, mkono mmoja umeshika furushi. Katekista alikuwa anachechemea. Mwisho tukasikia kengele za ng'ombe, tukakuta boma la Wasukuma waliohamia huku na mifugo yao. Mwenye boma hakutuuliza dini wala safari, alituletea ndoo ya maji na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakaa kututazama tukinywa. Tulipomwambia tunakwenda Karema, yaani tunaanza kwenda, akasema, “Kwa miguu? Mna nadhiri?” Hatukuwa na jibu jema. Tulimwambia tunaandika kitabu. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Swali lake lilizua mazungumzo jioni. Katekista alisema watu wa nchi hii hawakufundishwa na wageni kutembea kwa ajili ya mambo ya roho. Kule kwenye ziwa Katavi, lililotoa jina la hifadhi iliyofanywa mwaka 1974 na la mkoa wenyewe, uko mkwaju ambao husemwa kwamba hukaa roho ya mwindaji Katabi na mkewe Wamweru, na watu waliuendea kutoka mbali wakiwa na sadaka, kuomba mvua na windo. Mapadri wa kwanza hawakupenda kabisa desturi hiyo, na katekista mwenyewe haipendi. Lakini akasema hivi: mtu aliyemwambia Mkonongo au Mpimbwe kwamba inafaa kwenda siku nyingi kwa miguu ili kuomba, hakumwambia neno geni. Alimwonyesha tu upande mwingine. Sisi tunaona amesema kweli, ingawa hatujaiona kweli hiyo katika vitabu vya jubilei tulivyonavyo nyumbani. Mmoja wa vijana, ambaye babu yake na bibi yake walikimbia Burundi na kupewa shamba Katumba mwaka 1973, akasema wazee wake nao walikuja kwa miguu, na mizigo kichwani, na wengine walizikwa njiani, wala hawakuwa wanakwenda kuomba. Lakini waliomba njia nzima. Wao wakapata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Tukamwambia habari hiyo nayo ni ya njia, tukaiandika.

Tulilala katika uwanja wa kigango kimoja kidogo cha matofali mabichi, tumekwenda, kwa hesabu ya simu ya kijana, kilometa 24. Miguu ya katekista ilikuwa imetoka malengelenge. Kabla ya kulala alisali akawataja wafu wa njia hii: Pascal, Carter na Cadenhead ingawa hawakuwa wa kanisa letu, Charbonnier, Lechaptois, Atiman, na wapagazi, kwa kuwa hakuwa na majina yao, akawataja kwa mizigo yao: aliyechukua nguo, aliyechukua shanga, aliyechukua kengele, aliyechukua madawa, aliyechukua mgonjwa. Mama akaongeza kwa sauti ndogo, “Na yule wa bibi.”

Asubuhi lori tulilolipatana likaja, maana tulikuwa tumeahidi kituo kimoja tu na kazi zilitungoja mjini. Tukapakia mikeka na vyombo na vitu vyote vilivyokuwa chini ya mti. Mama hakupanda. Alisema vimebaki vituo vinne tu, na kwamba kutoka hapa njia inashuka, neno ambalo ni kweli, maana Mpanda iko juu kama mita 1,100 na ziwa liko kama mita 770. Tulimsihi. Vijana wawili walitazamana, wakashuka garini wakasimama upande wake, nasi tukaona kwamba shauri limekwisha kukatwa.

Siku ya nne jioni simu ikalia. Kijana mmoja alisema wamefika Karema salama, wamepewa mahali pa kulala, wameona kaburi la Atiman. Wamepanda mpaka penye ngome ya Wabelgiji, na mama amestaajabu kuona maji yako mbali. Tukamweleza ampe habari kwamba ngome ilijengwa karibu na maji kweli. Ziwa wakati ule lilikuwa limejaa, kisha likabomoa njia yake ya Lukuga upande wa magharibi, likapungua miaka mingi, likaiacha ngome juu ya nchi kavu. Kijana akasema atamwambia. Kisha akasema mama anauliza viatu vyake vya kanisani, kwa sababu kesho ni Jumapili, na furushi halionekani.

Lilikuwa limeketi hapa Ilembo, juu ya meza tunayoandikia, tangu siku ile ya lori.